Mwezi wa kumi, Lubumbashi hutembelewa kwa saa

Mheshimiwa Mhariri,

Kila mwaka joto linapoanza kupanda, magazeti yetu, na lenu likiwemo, huchapisha orodha ya mahali pa kumpeleka mgeni hapa Lubumbashi: makumbusho, bustani ya wanyama, kathedrali, ziwa Tshombe, soko, uwanja wa timu ya mpira ya Mazembe. Orodha ni nzuri, ila haitaji saa. Na katika mwezi wa kumi, saa ndiyo inayoamua kama mgeni atarudi nyumbani anacheka au atarudi amelala nyuma ya taksi akitapika. Sisi tunaotembeza wageni mjini tunaomba nafasi kidogo tueleze yale ambayo orodha huyaacha.

Tuanze na jua lenyewe, maana wengi hulihesabu vibaya. Lubumbashi iko nyuzi 11 na dakika 40 kusini mwa ikweta. Kwa hiyo kuanzia tarehe 20 hivi ya mwezi wa kumi, jua la saa sita mchana hupita utosini kabisa. Hata mwanzoni mwa mwezi, ukuta wenye kimo cha mita 4 hutoa kivuli cha sentimita 60 hivi tu saa hiyo: hakimtoshi mtu mmoja, sembuse wawili wanaotembea pamoja wakizungumza. Ushauri wa "tembeeni kivulini" basi hauna kazi kati ya saa tano na saa saba. Kivuli cha ukuta hakipo. Kilichopo ni kivuli cha paa na cha mti.

Halafu kuna jambo la pili. Jua likishapita utosini, hewa bado inaendelea kupata joto, kwa sababu ardhi, lami na kuta zinaendelea kurudisha moto zilioumeza tangu asubuhi. Hewa hufika kilele chake saa nane hadi saa tisa, mara nyingi ikiwa imepita nyuzi 30. Mtu akijificha saa sita akatoka saa nane akidhani hatari imekwisha, amekwepa jua na kuingia kwenye joto. Muda wa kukaa ndani au chini ya mti ni kuanzia saa tano mpaka saa tisa na nusu. Ni mrefu, tunajua. Ndiyo maana siku yote lazima ipangwe kuuzunguka.

Asubuhi, tembeeni upande wa barabara ulio mashariki, maana nyumba za upande huo ndizo zinazowakinga. Alasiri hamieni upande wa magharibi. Jambo dogo, lakini ukitazama watu mjini utaona nusu yao wanatembea juani huku kivuli kikiwa kitupu ng'ambo ya pili. Katikati ya mji, nyumba za zamani za biashara zenye barza iliyofunikwa mbele ya maduka ni msaada mkubwa, ingawa siku hizi nyingi zimejaa bidhaa na lazima mpite mmoja mmoja.

Kuhusu miti: wageni huvutiwa na jakaranda, na wana haki, maana zinapochanua barabara nzima hugeuka zambarau. Lakini jakaranda huchanua ikiwa imepukutisha majani. Ukikaa chini yake mwanzoni mwa mwezi wa kumi, utapata maua kichwani na jua mgongoni. Kivuli cha kweli ni cha mwembe, ambao hauachi majani mwaka mzima.

Ratiba tunayoipendekeza ni hii. Jua huchomoza karibu saa kumi na mbili kasoro robo, na hewa ya saa hiyo kwa kawaida iko chini ya nyuzi 20. Saa kumi na mbili na nusu muwe tayari mko mjini. Mgeni kutoka Kinshasa atalalamika, na ana sababu: saa yetu iko mbele ya yao kwa saa moja, kwa hiyo mwili wake unamwambia bado ni saa kumi na moja na nusu. Mwacheni alalamike, lakini mtoeni. Saa mbili hizi za mwanzo ni za kutembea kwa miguu tu: uwanja wa Posta penye sanamu ya Moïse Tshombe, kathedrali ya matofali ya Watakatifu Petro na Paulo, sinagogi ya mwaka 1930, kisha upande wa stesheni, ambako reli kutoka kusini ilifika mwaka 1910, mwaka uleule mji ulipoanzishwa kwa jina la Élisabethville. Njiani mtaona bomba refu la moshi la kiwanda cha shaba na terili, ule mlima mweusi wa masalio ya kuyeyushia madini. Litumieni bomba kama alama ya kujua mlikoelekea. Terili lenyewe litazameni kwa mbali. Ni eneo la kazi, lina vumbi, na rangi yake nyeusi hunyonya joto kiasi kwamba kulikaribia mchana ni kujitesa.

Onyo kuhusu picha. Stesheni, majengo ya serikali, kambi, madaraja na viwanda si mahali pa kutoa simu na kupiga bila kuuliza. Muulizeni kwanza mlinzi au polisi aliye karibu, kwa salamu na kwa upole. Akikataa, rudisheni simu mfukoni na mwende zenu. Mabishano ya nusu saa juani humaliza nguvu kuliko kilomita mbili za kutembea.

Bustani ya wanyama iwe ya pili, mara tu milango inapofunguliwa. Wanyama hutembea na kula hewa ikiwa bado baridi. Kuanzia saa tano hujificha kivulini na mtoto hubaki akitazama vizimba vinavyoonekana vitupu. Wengi huenda mchana kisha husema bustani haina kitu.

Kuanzia saa tano, ingieni ndani. Makumbusho ya taifa, yaliyoanza mwaka 1946, yako jirani na jengo la tamthilia la mwaka 1956, na pale mnaweza kukaa saa mbili bila kuchoka: vyombo vilivyochimbwa Sanga, penye makaburi ya kale, misalaba ya shaba iliyokuwa fedha ya wazee wetu, vinyago. Piteni siku moja kabla mkaulize saa za kufungua, msitegemee mlichosikia kwa jirani. Na chukueni tochi ndogo, maana umeme ukikatika vyumba vya ndani huwa giza na simu mnaihitaji kwa mambo mengine.

Hapa tuseme kwa nini jengo moja ni baridi na jingine ni tanuri, kwa sababu ndiko watu wanakokosea wakitafuta pa kula. Ukuta mnene wa matofali huchukua saa nyingi kupata joto. Ukiingia kathedrali saa saba utahisi baridi ya usiku uliopita bado imo ndani. Ukuta huohuo, jioni, huanza kutoa moto. Bati ni kinyume: linapata joto papo hapo na linapoa papo hapo. Mgahawa wenye paa la bati lisilo na dari haufai saa saba mchana, hata chakula chake kiwe kitamu namna gani, lakini saa moja usiku unafaa kabisa. Mchana tafuteni paa la nyasi, au meza chini ya mwembe, au jengo la zamani lenye dari ya juu.

Bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo si chakula cha kuliwa katikati ya matembezi. Tumbo likijaa, damu huenda kulishughulikia, na ngozi nayo inaihitaji damu hiyohiyo ili kutoa joto. Kuleni kidogo, au kuleni vizuri kisha mpumzike saa nzima. Bitoyo, samaki wa kukaushwa, ina chumvi nyingi, na kwa mtu aliyetoka jasho tangu asubuhi hiyo si mbaya, mradi anywe maji. Bia za Simba na Tembo zisubiri jioni. Pombe humfanya mtu akojoe zaidi, na chupa moja baridi saa saba mchana haishiki nafasi ya maji.

Sasa maji. Kila mtu mzima ahesabiwe lita 3 kwa siku nzima, na kila mmoja aondoke nyumbani na lita moja na nusu. Mnapotembea juani, nyweni robo lita kila dakika 20 bila kusubiri kiu. Msimimine lita mbili kwa mkupuo. Zaidi ya lita moja na nusu kwa saa ni hatari, kwa sababu chumvi ya damu hupungua mno. Chupa ya kugandisha usiku ijazwe robo tatu tu: maji yakiwa barafu huongezeka karibu sehemu moja ya kumi, na chupa iliyojaa hupasuka. Izungushieni kitenge, itabaki baridi mpaka adhuhuri. Vifuko vya maji vya barabarani viangalieni mshono kabla ya kung'ata, na kama kifuko ni kilegea au maji yana ukungu, rudisheni. Munkoyo ni kinywaji chetu cha mahindi na tunakisifu, lakini uliochacha siku nyingi tayari una kilevi. Onjeni kidogo kwanza, ukikwaruza ulimi waachieni wazee wa jioni.

Kwa nini tunasisitiza kunywa bila kiu? Kwa sababu mji wetu uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,200, na hewa ya mwezi wa kumi, kabla mvua hazijaanza sawasawa, ni kavu. Jasho hukauka kabla halijaonekana. Mgeni wa Kinshasa amezoea shati kumgandia mgongoni. Hapa shati lake ni kavu na anasema hatoki jasho. Anatoka, tena sana. Kipimo ni mkojo: ukiwa wa rangi ya chai, amechelewa. Asiyekojoa tangu asubuhi mpaka saa sita, amechelewa zaidi.

Dawa ya kuongeza maji mwilini inatengenezeka popote: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Chumvi isizidi. Anayeweka "kidogo zaidi ili ifanye kazi" humwongezea mgonjwa kiu na anaweza kumdhuru mtoto. Fungeni sukari na chumvi zilizopimwa kwenye karatasi, muwe nazo mfukoni.

Tumefika kwenye jambo lililotufanya tuandike. Matembezi ya joto yafanywe na watu wawili au zaidi, na sababu si mazungumzo tu. Joto linapomzidi mtu, kitu cha kwanza kuharibika ni uwezo wake wa kujua kwamba limemzidi. Anakasirika ovyo, ananyamaza, anajikwaa, anasema "niko sawa, twende." Yeye si shahidi wa hali yake, shahidi ni mwenzake. Kubalianeni asubuhi, kabla hamjatoka, kwamba mmoja akisema "tukae," wote wanakaa, bila kujadili. Mwendo uwe wa yule wa polepole, naye atangulie. Akiwa nyuma atakimbizana na nyinyi mpaka achoke, na hamtamwona akichoka. Kila nusu saa muulizeni mwenzenu swali linalohitaji kufikiri: tumetoka barabara gani, tulilipa feranka ngapi kwenye taksi-basi, chenji ilikuwa ngapi. "Unajisikiaje?" si swali, jibu lake ni "vizuri" siku zote.

Na wazee wetu tunawajua. Baba mkwe hatasema amechoka mbele ya mkwe wake, hata miguu ikimtetemeka. Basi kijana ajitwike uchovu huo: "Baba, naomba tupumzike kidogo, miguu inaniuma." Mzee atakaa kwa ajili yako, heshima yake ikibaki mahali pake. Kwa mama mwenye dawa za shinikizo la damu, hasa zile zinazokojosha, angalieni mara mbili zaidi, maana dawa hizo hupunguza maji mwilini. Na aulize daktari wake kabla ya siku ya safari, asiache dawa kwa uamuzi wake.

Dalili zikianza, yaani kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli ya mguu kukaza, jasho jingi na ngozi ya ubaridi: kivulini, viatu vivuliwe, mkanda ulegezwe, kitambaa chenye maji shingoni na kwapani, anyweshwe ile dawa ya sukari na chumvi kwa mafunda. Nusu saa ikipita bila nafuu, siku imekwisha, nendeni kituo cha afya. Akianza kusema maneno yasiyoeleweka, akaanguka, au ngozi ikawa moto kama sufuria, hilo ni jambo jingine kabisa na linaua. Mmwagieni maji mwili mzima palepale na kumpepea bila kuacha huku gari linatafutwa, na muendelee ndani ya gari. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu. Maji yataingia kwenye mapafu. Hapa kwetu watu husema haraka "ni malaria" na kumpa vidonge. Inaweza kuwa malaria, ndiyo, na kipimo kitaonyesha hospitalini, lakini vidonge havishushi joto lililoingia kwa jua. Kwanza apozwe.

Vingine kwa ufupi. Mavazi yawe ya pamba, mapana, ya mikono mirefu. Kitenge ni bora kuliko fulana ya mpira ya nailoni hata kama ina nembo ya Mazembe. Mwavuli wa mvua wenye kitambaa kizito hufanya kazi ya jua vizuri kuliko kofia. Pesa zigawanywe kwa wote wawili, na muwe na noti ndogo za feranka 500 na 1000, kwa sababu dereva hatakuwa na chenji. Dola yenye mchaniko hata wa ukucha itakataliwa. Kubalianeni mahali pa kukutana endapo mtapotezana na mtandao ukagoma: mlango mkuu wa kathedrali unafaa, "pale sokoni" hapafai. Sokoni mmoja atangulie, mwingine afuate, mkoba kifuani. Kwenye taksi-moto, abiria mmoja kwa pikipiki moja. Pangusa kiti cheusi kwa kitambaa chenye maji kabla ya kukaa, na ushuke upande wa kushoto, maana bomba la moshi kwa kawaida liko kulia na limeshaunguza ndama nyingi za miguu hapa mjini.

Saa tisa na nusu mnaweza kutoka tena. Ziwa Tshombe ni la saa hiyo, upepo ukianza kupita juu ya maji, na jua litazama kidogo baada ya saa kumi na mbili. Mkitaka kumalizia komini ya Kamalondo, uwanja wa Mazembe uliofunguliwa mwaka 2011 mtauona kwa nje, na michopo, nyama ya mbuzi ya kuchoma, huanza kunukia kabla hamjaulizia njia.

Lakini kuanzia wiki za mwisho za mwezi wa kumi tazameni mbinguni kila baada ya saa nane. Mvua za kwanza huja kwa radi, na hapo ushauri wetu wa mchana unageuka: mwembe uliowakinga na jua ndio mtakaoukimbia. Mkiona umeme, hesabuni. Ngurumo ikisikika kabla ya sekunde 30, ingieni kwenye jengo imara au ndani ya gari lililofungwa, na msitoke mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Msipande pikipiki mara mvua inapoanza. Vumbi la miezi mitano na mafuta yaliyodondoka kwenye lami vikichanganyika na matone ya kwanza, barabara huteleza kuliko itakavyoteleza mwezi wa pili katikati ya masika.

Tuna ombi moja kwa wakuu wa mji na wa komini, na tunaomba mlichapishe hata kama mtakata mengine. Kati ya Posta na makumbusho hakuna bomba la maji ya kunywa ambalo mpita njia anaweza kulitumia, na miti inayokufa pembeni mwa barabara hubadilishwa kwa mapambo yasiyo na kivuli, hasa minazi ya urembo. Wakati wa kupanda ni mwezi wa kumi na moja, mvua zikishashika, ili mche upate miezi mitano ya maji kabla ya kiangazi. Shimo liwe la sentimita 60 kila upande, udongo wa juu urudishwe chini ukichanganywa na mbolea ya ng'ombe iliyooza, na mche uzungushiwe uzio wa fito dhidi ya mbuzi. Kiangazi cha kwanza mche unahitaji ndoo moja ya lita 20 mara mbili kwa wiki. Tunajua pingamizi la maembe: watoto watarusha mawe na vioo vya maduka vitavunjika. Mwenye duka anayeogopa hilo apandiwe mti mwingine usiopukutisha majani wala kuzaa tunda la kuliwa. Wauza miche wa mjini wanayo ya namna hiyo, aulize tu kabla ya kulipa.

Wenu,
Watembeza wageni wawili,
Komini ya Kampemba, Lubumbashi